Boti Iliyotunzwa Vizuri

Dalali alitutangulia kwenye gati, funguo zinamlia kiunoni, na kila alipogeuka kututazama alitabasamu kama bwana harusi. Mimi na mdogo wangu wa kiume tulimfuata nyuma. Tulipofika kwenye boti ambayo angetusaidia kuiuza, mdogo wangu aliambiwa avue viatu vyake vya kazini kabla ya kupanda. Mimi nilikuwa na ndala tu. Nikaambiwa nivue pia.

"Mzee hakuruhusu viatu humu," dalali akasema. "Hata mimi ananivulisha."

Mzee anayesemwa alikuwa baba yetu, na tulikuwa tumemzika wiki iliyotangulia. Miaka yote niliyokuwa nakua hakuwahi kuniambia fanya hiki wala acha kile. Leo yuko kaburini ndipo ananiambia nivue ndala.

Alituacha nikiwa darasa la sita, mdogo wangu hajaanza shule. Alikuwa fundi mitambo wa meli. Aliuza kiwanja cha Mama, kilichokuwa kimeshachimbwa msingi wa nyumba, akanunua boti ya tanga kutoka kwa mtu na mkewe, wazee wa kigeni, waliokuwa wamezunguka nayo dunia wakachoka. Akasema anakwenda baharini. Akaenda. Hivyo ndivyo tulivyoambiwa na Mama, na sisi tukawaambia wenzetu. Mdogo wangu alikua na baba aliye baharini kama watoto wengine wanavyokua na baba aliye polisi. Mwalimu akitundika ramani ubaoni, yeye anaweka kidole kwenye rangi ya buluu, popote tu, anasema yuko hapa. Mimi sikuweka kidole. Nilikuwa naweka mabeseni chini ya dari, maana nyumba tuliyopanga ilikuwa inavuja kila chumba.

Kisha, baada ya kimya cha karibu miaka thelathini, ikaja simu kwamba ameanguka bafuni kwenye bandari ndogo ya boti, upande wa pili wa mji wetu wenyewe, na hakuamka. Tukadhani ndiyo kwanza amerudi. Mdogo wangu alilia kwamba baba alikuwa anarudi kwetu, zimebaki hatua chache tu. Nilimwacha alie.

Basi tukaingia ndani ya boti hiyo pekupeku.

Niseme ukweli, sijaona kitu kimetunzwa namna ile. Mbao za ndani zilikuwa zimepigwa vanishi mpaka unajiona uso. Kamba zote zimeviringishwa upande mmoja, zimelala kama zimepimwa kwa rula. Jiko la gesi lilikuwa limening'inizwa kwa vyuma viwili ili boti ikilala ubavu, sufuria isimwagike. Kila sahani ilikuwa na kijumba chake, kila kikombe na ndoano yake. Dalali alifunua kifuniko cha sakafu kutuonyesha chini kabisa, mahali ambapo boti nyingine huwa na maji yanayonuka, na huko chini kulikuwa kumepakwa rangi nyeupe, pakavu, safi kuliko meza ya jikoni kwangu. Nyumbani kwetu bawaba ya mlango wa choo ilikatika mwaka ule ule alioondoka. Mama aliifunga kwa waya. Tulihama na waya upo.

Mimi ni fundi makochi. Nikichoka kusikiliza mtu, mikono yangu hutafuta mshono. Nikapindua mto mmoja wa kiti nikatazama nyuma yake. Alikuwa ameshona mwenyewe, inaonekana, maana si mshono wa kiwandani. Lakini ulinyooka. Kona zimekunjwa vizuri, zipu imefichwa, uzi ni ule mgumu usiooza kwa chumvi. Niliurudisha mto mahali pake nikiwa na hasira ambayo sikuwa nayo nilipoingia. Mtu huyu alijua kukaa chini na kumaliza kitu.

"Hii ni boti ya bahari kuu," dalali akawa anamweleza mdogo wangu, kwa sababu alikuwa ameshaona ni nani kati yetu anayesikiliza. "Mkuku wake, huu uti wa chini kabisa, ni mzito. Ikipigwa na wimbi ikalala, inainuka yenyewe. Ina sola, ina matangi makubwa ya maji, ina kila kitu. Mtu anaishi humu kama yuko nyumbani kwake."

"Kama yuko nyumbani kwake," nikasema.

"Bora hata kuliko nyumbani, dada," akasema, masikini, hakujua anagusa kidonda gani. "Na uzuri mwingine ni kwamba haijachoka. Zile safari zilifanywa na wale wazee wa kwanza. Tangu mzee aichukue, haijatoka hapa."

Mdogo wangu akainua kichwa. "Haijatoka mwaka huu?"

"Haijatoka kabisa. Alikuwa anaitayarisha. Kila mwaka anasema mwaka kesho. Jumamosi anawasha injini, anaisikiliza weee, halafu anaizima. Nyanya na vitunguu ananunua pale getini. Ni boti ya zamani, lakini kwa matumizi ni kama mpya. Wanunuzi wanapenda sana hivyo."

Nilianza kucheka. Nilijaribu kujizuia nikashindwa, nikakaa kwenye kile kiti chake chenye mshono mzuri nikacheka mpaka dalali akatazama pembeni. Kutoka getini pale hadi nyumba tuliyolelewa ni basi moja, hata kubadilisha hubadilishi. Mwanamume alituacha kwa ajili ya dunia, halafu dunia yenyewe hakwenda. Alikaa pale, umbali wa kwenda kuazima nyundo na kurudi, anasugua vyuma vya shaba vya boti. Ningeweza kumchukia mtu aliyezama kwenye dhoruba mbali huko. Huyu alikuwa hafikii hata chuki. Ukimchukia unampa cheo.

Nilitegemea mdogo wangu atacheka pia, au atatapika, au atapiga kitu teke. Nilipomtazama nikakuta anapapasa ile meza. Alikuwa anaipapasa polepole, kama mtu anayebembeleza mtoto alale.

"Dada," akasema, "tusiharakishe kuuza."

Mdogo wangu ni mwalimu wa udereva. Kazi yake ni kukaa kiti cha abiria na kukanyaga breki ya pili. Ni kazi ya halali na anaifanya vizuri, ila nadhani kukanyaga breki siku nzima kunamfanya mtu awaze mambo. Alianza kwa kusema anapitia bandarini mara moja moja kufungua madirisha, boti isishike ukungu. Kisha akawa anapitia kila akitoka kazini. Kisha akanunua kofia. Ilikuwa kofia nyeupe yenye nanga mbele, ya kuuzwa kwa watalii, na aliivaa mpaka kwenye gari la shule ya udereva. Wanafunzi wake wakaanza kumwita Kapteni. Yeye akadhani wanamsifu.

Mwishowe akalala huko siku ya kwanza, na ya pili, na nguo zake zikaanza kwenda moja moja.

Mkewe alikuja karakana kwangu. Huyu wifi yangu anauza dawa na kupima damu kwenye duka la dawa, na si mtu wa maneno mengi. Alikaa kwenye kochi nililokuwa nimelivua kitambaa, juu ya springi tupu, akanitazama nikipigilia pini.

"Mdogo wako anasema anatafuta nafasi ya kupumua," akasema.

"Ukamjibu nini?"

"Nikamuuliza kwani hapa nyumbani oksijeni tunakata?"

"Akasema?"

"Akasema siwezi kumwelewa. Akasema ana bahari kwenye damu." Akaokota pini moja sakafuni. "Wifi, mimi natoa majibu ya vipimo vya damu kila siku. Bahari sijaiona."

Niliweka nyundo chini. Nilikuwa nimeshaona filamu hiyo tangu mwanzo hadi mwisho, na mara ya kwanza nilikuwa mdogo, sikuweza kumfanya lolote mchezaji. Mabinti wawili wa mdogo wangu walikuwa na umri ule ule tuliokuwa nao sisi Baba alipoondoka. Mkubwa alikuwa ameshaanza kuwaambia wenzake shuleni kwamba baba yake yuko kwenye boti.

"Dalali alisema boti ile mtu anaishi kama yuko nyumbani," nikasema.

"Ndiyo?"

"Basi ninyi mna nyumba mbili. Mbona unalipia kodi hii moja na ile anaikalia mtu mmoja?"

Wifi akainuka kwenye zile springi, akajipangusa sketi, akasema anakwenda kufunga mizigo.

Nilikuwa na mtu mwingine wa kumwambia, naye ndiye aliyenipa taabu. Mama alikuwa anaishi nami. Alifanya kazi kwenye swichibodi ya simu ya hospitali hadi alipostaafu, na sauti yake bado ilikuwa ile ya kukuambia subiri nikuunganishe. Sikuwa nimemweleza kwamba Baba hakuwahi kuondoka. Niliona ni ukatili kumpa mwanamke habari hiyo uzeeni. Nilimwambia tu kwamba mwanawe ameingiwa na wazimu wa boti, tunakwenda kuhamia huko wote kwa muda ili umtoke, na kama hapendi abaki nyumbani.

"Nitakuja," akasema. "Nataka kuona nilichobadilishwa nacho."

Tulifika Jumapili asubuhi. Wifi alikuwa na mabeseni, ndoo, ufagio, sufuria kubwa ya kupikia watu wengi, mabegi ya nguo, magodoro mawili ya watoto, na kapu la vitunguu. Mdogo wangu alitoka juu akiwa na kofia yake na kikombe cha chai mkononi, akatuona tumejipanga kwenye gati kama watu wanaosubiri kugawiwa unga.

"Kuna nini?" akauliza.

"Tumekuja kupumua," mkewe akasema, akampa ndoo.

Watoto walipita chini ya mkono wake. Mimi nilivua ndala, kwa mazoea mabaya. Mama alipanda wa mwisho, amevaa viatu vyake vyeusi vya soli nene, vya kwenda kliniki.

"Mama, vi—" mdogo wangu akaanza.

Mama alisimama akamtazama. Kisha akashuka ngazi ndogo, kak, kak, kak, juu ya ile vanishi, akatembea mpaka kitanda cha nyuma alichokuwa akilala mumewe, akajilaza na viatu vyake akafumba macho.

Zile siku zilizofuata nilizifurahia kuliko nilivyotarajia. Mvua ilinyesha, hivyo wote tulikuwa ndani. Kumbe chombo kinachowatosha watu wawili wanaopendana kuvuka nacho bahari hakiwatoshi watu sita wa familia moja kungoja chai. Mvua ikipumzika, nguo za watoto zilianikwa kwenye ule mti mrefu wa chini ya tanga, zikadondosha maji kwenye shingo ya kila anayetoka. Wifi alikaanga vitunguu asubuhi na jioni, na mapazia yakaanza kunuka mgahawa. Choo cha boti hakivutwi maji, kinapigwa pampu kwa mkono, na mtoto mdogo aliona ni mwanasesere wake ndiye anayestahili kupita humo. Alipita mkono mmoja, mwingine ukakataa. Kapteni alishinda mchana mzima amelala kifudifudi na kichwa chake pale ambapo kichwa cha mtu hakipaswi kuwa, kofia imegeuzwa nyuma, anavuta kiwiliwili cha plastiki kwa koleo.

"Bahari kwenye damu," wifi akasema akimpita na beseni.

Alivumilia, nimpe haki yake. Ila kilichomshinda ni meza. Binti mkubwa alikuwa anafanya hesabu za shule, penseli ikavunjika, akaendelea kukandamiza bila kuona, na mistari ikabaki kwenye ile vanishi. Mdogo wangu alimnyang'anya penseli.

"Unajua mng'aro huu umechukua muda gani kuupata?" akamwambia. "Unajua? Hamuwezi kukaa na kitu kizuri ninyi?"

Mtoto aliganda. Mvua ilikuwa inasikika juu.

"Wewe umechukua muda gani?" mkewe akamuuliza taratibu.

Vanishi ile hakuipaka yeye. Alikuwa amerithi ukali wa kuilinda bila hata kushika brashi. Nilimwona alivyotazama mkono wake wenye penseli, nikajua amesikia kwamba sauti iliyomtoka ilikuwa ya Baba, ingawa alipokuwa mdogo hakuisikia vya kutosha kuikumbuka. Lakini mtu mzembe akipata aibu hatubu, anatafuta safari.

"Tatizo ni kwamba boti hii haikutengenezwa kwa kukaa," akasema. "Imetengenezwa kwenda."

"Basi twende," nikamwambia.

Dalali alikubali kutupeleka Jumamosi, mvua ilipokatika. Nadhani alidhani tukiona boti inavyotembea tutapandisha bei na yeye apate zaidi. Mdogo wangu alisimama karibu naye akiwa na miwani ya jua na kofia yake, akirudia kila neno la dalali kwa sauti ya juu kidogo, kama mkalimani. Tulitoka polepole kwa injini, tukaupita ukuta wa mawe unaozuia mawimbi, na hapo dalali akazima injini na kupandisha tanga.

Hapa sitasema uongo kwa sababu ya hasira. Ilikwenda vizuri. Kelele zote zilikatika kwa pamoja, boti ikalala kidogo ubavuni kama mtu anayeegemea kiwiko, na maji yakaanza kupita pembeni na sauti ya kitambaa kinachochanwa mbali. Niliwaza wale wazee wa kwanza, kwamba walikuwa na sababu. Niliwaza pia kwamba Baba alikuwa na chombo hiki mkononi, kizima, tayari, na akachagua nyanya za getini. Hapo ndipo nilipomdharau kabisa kabisa. Ukishamwibia mkeo kiwanja, angalau nenda.

Uso wa mdogo wangu ulikuwa wa kijivu kabla ukuta haujatoka machoni. Kwanza aliacha ukalimani. Kisha akavua miwani. Kisha akavua kofia, akaitazama ndani kama anatafuta jina lake, akaitapikia. Wifi alimshika mshipi wa suruali kwa mkono mmoja asije akatumbukia, mkono mwingine ukiwa umebeba mtoto mdogo, aliyekuwa anacheka kwa furaha kila boti ilipopanda wimbi.

"Turudi," mdogo wangu akasema kutoka sakafuni. "Tafadhali. Turudi."

"Bado hatujafika popote, baba watoto," mkewe akamwambia.

Dalali alitakiwa aende mbele kurekebisha kamba. Akatazama huku na huku akitafuta mtu wa kushika usukani, na aliyekuwa karibu ni Mama, amekaa na sweta yake na mkoba wake magotini.

"Mama, nishikie hapa. Usigeuze, shika tu."

Mama aliweka mkoba chini akashika. Hakuuliza mara mbili. Upepo ulikuwa unampiga usoni na macho yake yalitoka machozi ya upepo, lakini mikono ilitulia. Nilisogea nikakaa karibu yake. Sijui kwa nini nilichagua hapo. Labda kwa sababu hakuwa na pa kwenda.

"Mama, kuna kitu sijakuambia. Hakwenda baharini. Boti hii haijawahi kutoka tangu aichukue. Miaka yote alikuwa pale."

"Najua," akasema.

Nikadhani hakunisikia vizuri kwa upepo.

"Najua, mwanangu. Nilimwona. Ulikuwa umeanza sekondari. Nilikwenda mjini kuwanunulia viatu, nikamkuta duka la rangi ananusa kopo la vanishi kama mtu anayechagua tikiti. Akaniona."

"Akasema nini?"

"Akajificha nyuma ya ndoo." Mama akarudisha usukani kidogo, boti ilikuwa inataka kwenda kulia. "Mwanamume mzima amechuchumaa, kisogo kinaonekana chote. Nilisimama nikangoja aone haya atoke. Hakutoka. Muuza duka akawa ananitazama mimi, kama mimi ndiye mwenye kasoro. Basi nikaenda kununua viatu."

"Na hukutuambia."

"Ningewaambia nini? Mtoto ukimwambia baba yake yuko mbali, anangoja, anakula, analala. Ukimwambia yuko hapo upande wa pili wa mji na haji, anaanza kujitazama mwenyewe kwenye kioo. Nikaona ninyi nitawaambia yuko mbali."

Nilitaka kumkasirikia. Nilikuwa na haki. Nilikuwa nimemaliza utoto wangu wote nikidharau bahari isiyo na kosa. Lakini alikuwa ameshika usukani wa mume wake kwa mikono miwili, na kichwa changu hakikuweza kutoka dukani kwenye ile ndoo. Nikamuuliza ilikuwa ndoo kubwa kiasi gani. Mama akaonyesha kwa kidevu, hivi, ya kufulia. Tukacheka wote wawili mpaka dalali akarudi kuuliza kuna nini.

Mdogo wangu alilala nyumbani kwake jioni hiyo hiyo. Alibeba magodoro ya watoto mwenyewe. Kofia hakuibeba. Wifi alimwacha kitandani na ndoo pembeni, kwa sababu hata nchi kavu ilikuwa inamyumbisha, na tangu hapo jina la Kapteni halitamkwi nyumbani mwao isipokuwa na wale mabinti, ambao hawana huruma.

Wiki iliyofuata dalali akaleta mteja. Alikuwa mtu mwenye saa kubwa na sauti ya kuhutubia, alivua viatu bila kuambiwa. Mama alikuwa bado hajarudi kwangu. Alikuwa amesema anapumzika botini siku mbili tatu, zikaongezeka. Tulimkuta mezani anachambua maharage.

"Imetunzwa vizuri sana," mteja akasema akipapasa mbao. "Mwenyewe alikuwa mtu makini."

"Alikuwa na nafasi," Mama akasema.

Dalali akacheka kwa adabu, akaanza kueleza mkuku na sola. Mama alimwacha amalize, ndipo akamuuliza nani anauza.

"Si familia, mama. Watoto wako."

"Watoto wangu hawana boti. Mimi na marehemu hatukuachana. Aliondoka tu. Kwa hiyo hii ni ya mjane wake, na mjane wake anapika, mwambie mgeni akae kama atakula."

Mgeni hakula. Dalali alinitazama mimi, akitegemea nitamsaidia. Nilikuwa nimepigwa na butwaa kama yeye. Walipoondoka nilimwambia Mama kwamba hawezi kuishi humu, kwamba kwangu ana kila kitu, na kwamba sitaki mama yangu alale ndani ya tusi.

"Kwako nalala stoo ya vitambaa," akasema, akiendelea na maharage yake. "Sikulaumu, nafasi ndiyo hiyo. Lakini nikigeuka naangukiwa na sponji. Hapa kuna dirisha pande zote. Usiku nalala kama nimebebwa."

"Ni ya kwake, Mama."

"Ni kiwanja changu," akasema. "Kimepakwa vanishi tu."

Nilikaa. Nikavuta sahani, nikachambua naye maharage.

Sasa anaishi pale. Boti iliyojengwa kuvuka bahari kuu imefungwa kamba nne na haitakwenda popote, safari hii bila mtu kudanganya kwamba itakwenda. Anatembea na viatu. Ametundika vyungu vya maua kwenye reli. Jua lilipokuwa kali aliniambia anataka turubai la kivuli juu ya sitaha, nami nikamwambia nitamletea kitambaa, akasema kitambaa kipo, kimekaa bure. Alimaanisha tanga kubwa. Dalali alikuwa anapita, akasimama. Akatuambia hilo ni tanga la gharama, bado jipya, ni dhambi. Nilimtazama Mama, Mama akanipa mkasi. Sijawahi kukata kitu kwa raha namna ile. Nilishona kingo palepale, mikunjo miwili, uzi wa chumvi. Marehemu alikuwa ameuacha mwingi.

Mdogo wangu huwaleta watoto mwisho wa wiki. Yeye hukaa gatini kwenye kiti cha plastiki, akiwa ameshika soda.

Juzi Mama aliniita nimpimie godoro. Niliinama kwenye kile kitanda cha nyuma na tepu yangu nikaona tatizo. Sponji ilikuwa imebonyea katikati, bonde refu la mtu mmoja aliyelala kwa miaka akiwa ameelekea upande ule ule.

"Siwezi kulala kwenye shimo la mtu," Mama akasema.

Nilipima, nikaandika vipimo kwenye kiganja. Kisha nikalivuta lile godoro, nikalipandisha ngazi likikwama kila kona, nikalikokota gati nzima mpaka kwenye pipa kubwa la taka karibu na geti. Mlinzi alitoka kibandani akalibonyeza kwa kidole, akaniuliza kama bado ni zima.

"Ni la zamani, lakini kwa matumizi ni kama jipya," nikamwambia. "Chukua."